Kabula Dhidi ya Mdogo

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi sikatai. Marehemu babu yangu aliuza ng'ombe wawili, na kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyotupata Kata ya Kwamrinde mwaka ule wa Mpito yalitokana na ugonjwa wetu huu wa kupenda kesi, na dawa yake tuliipata humo humo.

Jina langu Nambike. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa msomaji wa Kitovu. Kitovu ni ile mashine kuu ya mji mkuu iliyokuwa ikiendesha nchi. Kila Jumatatu ilituma maagizo, nami nilisimama mbele ya ofisi ya kata nikayasoma kwa sauti. Kitovu kimeamua mpande mtama. Kitovu kimeamua zahanati ifungwe siku za Jumatano. Mtu akiuliza kwa nini, nilimjibu kwamba swali lake litapelekwa. Sikuwahi kuona swali hata moja likirudi na jibu.

Kisha nchi nzima ikachoka. Kwa siku tisa hakuna aliyetii agizo lolote, serikali ile ikaanguka bila risasi, na Tume ya Mpito ikaahidi kushusha madaraka hadi kwenye kata. Lakini hatukukabidhiwa madaraka mikononi hivi hivi. Kila kata ililetewa mdogo wake Kitovu: kisanduku cha bati cha ukubwa wa debe, kinachokula jua, chenye nyaya hadi kwenye malango ya maji, stoo ya dawa na ghala la mbegu. Kilikuja hakijui lolote. Kwa siku tisini madaraka yalikuwa yetu kwa majaribio, nasi tulitakiwa kukifundisha kutawala kwa desturi za kwetu. Siku ya tisini mkaguzi wa Tume angekuja. Akikuta utulivu, tunajitawala. Akikuta mgogoro, kila kitu kinarudi kwa Kitovu.

Wetu tulimwita Mdogo, na mimi nikateuliwa kuwa mlezi wake.

Nilimpenda, kwa nini nifiche? Alikuwa na maswali kama kinyozi. Aliniita Shangazi kwa sababu kila aliyepita ofisini aliniita hivyo. Siku moja aliuliza kwa nini watani hufanya vituko msibani, nikamweleza, na wiki nzima akawa ananiomba nimtafutie mtani. Kitu pekee alichokuja nacho kutoka kiwandani kilikuwa Kanuni za Makabidhiano, vifungu arobaini na moja, ambavyo alivikariri bila kuombwa. Alichokipenda zaidi ni cha kumi na tisa: jambo lenye shauri barazani halihamishwi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine mpaka shauri liishe.

"Hiki bila shaka kiliandikwa na Mpare, Shangazi," aliniambia.

*

Siku ya themanini na nne ilikuwa Ijumaa. Nilimkuta Mdogo amefurahi.

"Shangazi, zamu za maji za wiki mbili ziko tayari. Nisome?"

"Soma, mwanangu."

Maji yetu hukaa kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu juu kabisa ya kijiji, na hushuka kwa mifereji hadi mashambani. Mdogo alisoma mfereji mmoja baada ya mwingine, siku kwa siku, na kila ukoo ulipata haki yake. Sijawahi kusikia zamu zilizopangwa vizuri namna ile. Kisha akafika lango la saba, la mwisho, linalopeleka maji tambarare kwa watu wa Ruvumbo.

"Lango la saba, hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna zamu. Hakuna mtu huko."

Nilikaa chini. Ruvumbo kulikuwa na kaya tisini zilizoishi kwa mvua na masalia ya maji yetu; mvua zilikuwa zimekatika, na mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele.

Mdogo hakuwa amewekewa sheria ya maji. Alijifunza kwa kusoma maamuzi ya zamani: nani alipewa nini, kwa sababu gani, na kila sababu akaipa uzito wake. Kazi ya kumletea maamuzi hayo ilikuwa yangu. Nami nilifanya jambo ambalo Mpare yeyote angefanya, nikaenda kuchukua masanduku. Kwetu kila nyumba ina sanduku chini ya kitanda, na ndani ya sanduku mna hukumu za kesi zote ambazo ukoo umewahi kushinda. Nilikusanya masanduku sitini na matatu. Nilijisifu kwamba hakuna kata nyingine iliyomlisha mdogo wake vizuri kama sisi.

Watu wa Ruvumbo walikuja miaka kumi na moja iliyopita, ukame ulipowatoa kwao. Barazani petu, asiye na mfereji wa ukoo hafungui kesi. Hawakuwahi kushtaki wala kushinda, na hawakuwa na karatasi.

"Mdogo," nilimwambia, "Ruvumbo kuna watu. Mimi nawajua."

"Nakuamini, Shangazi. Lakini kukuamini hakuna uzito. Nina hukumu elfu nne, na zote hazina hata jina moja la huko." Akasita kidogo. "Una ufunguo wako. Ukitaka, geuza."

Shingoni nilivaa ufunguo wa mlezi. Ukiuingiza ubavuni mwa kisanduku unaweza kuongeza au kupunguza uzito wowote utakavyo. Haubaki hata alama, wala Mdogo mwenyewe hakumbuki kuwa aliwahi kufikiri vingine.

*

Mume wangu, Kiangi, ndiye mlinzi wa ndiva. Zamani alifungua malango kwa mikono. Siku hizi kazi yake ni kutazama yakijifungua yenyewe na kuyakosoa. Mchana ule tulikula makande, naye akaniangalia kwa muda.

"Mama Niwaeli, unachambua. Maharage umekula, mahindi umeyasukuma pembeni. Mtu anayechambua makande ana jambo."

Nikamweleza. Alifuta mdomo.

"Geuza ufunguo. Wape siku nne, mkaguzi aje akute kumetulia, anywe chai aende zake. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe unajua mambo mengi mabaya kunihusu na bado tunaishi."

Nilicheka, huyu mzee hajawahi kushindwa kunichekesha. Lakini moyo ulikuwa mzito.

"Baba Niwaeli, unamkumbuka yule mama daktari aliyeshika ufunguo wa Kitovu mwanzoni kabisa?"

"Namkumbuka. Mtu mwema sana."

"Mara ya kwanza aliugeuza ili wajawazito wapate maziwa. Nani alimpinga? Hata sisi tulishangilia. Alipoondoka akaja mwingine, akaukuta ufunguo palepale, umeshazoea kugeuzwa."

Kiangi alikomba sahani yake. Halafu akasema, kwa upole tu, "Na usipogeuza, watoto wa Ruvumbo watakula nini? Kanuni?"

Sikumaliza makande.

*

Jumamosi niliteremka Ruvumbo kwa Kabula Maduhu. Ni Msukuma, ana miaka arobaini hivi, na shamba lake ndilo la kwanza baada ya lango la saba. Nilimkuta akipalilia. Alisimamisha jembe, akaja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na habari mbaya."

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo hicho kisanduku hakitujui."

"Hakiwajui. Na kosa ni langu, mimi ndiye niliyekilisha."

"Na una ufunguo."

"Ninao."

"Huo hapo shingoni."

"Huu hapa."

"Sasa shangazi, tatizo liko wapi?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kwamba nikiugeuza leo kwa ajili yake, kesho mlezi mwingine anaweza kuugeuza dhidi yake, na yeye hatajua wala hatakuwa na pa kulalamika, maana hakuna atakayeona chochote kimebadilika.

"Hiyo kesho ya mlezi mwingine nitaikuta nikiwa nimeshiba," Kabula alisema. "Shangazi, usinichukie. Mwenye chakula ndani ndiye anayeweza kusubiri haki. Mimi nina siku kumi. Zikipita bila maji, hapa tunavuna majani."

Nilishika ule ufunguo, na nakiri nilitamani angekuwa amenikaripia. Kisha nikamweleza njia ya pili, ambayo nilikuwa nimeifikiria njia nzima huku nikiiogopa.

Tuna desturi inaitwa kushikwa mkono. Mgeni asiye na mfereji anaweza kuingia barazani endapo mwenyeji atamshika mkono na kuingia naye, akiwa amebeba kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa. Kesi ikishindwa, mwenyeji ndiye anayepoteza zamu yake ya maji msimu mzima. Mara ya mwisho ilifanyika kabla sijazaliwa. Baraza hukaa Alhamisi, na Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya tisini. Mkaguzi angefika asubuhi, angechukua ufunguo, na hapo kusingekuwa na wa kugeuza tena.

"Nimshtaki nani?" Kabula aliuliza.

"Mdogo."

"Mbele ya mkaguzi? Si ataandika mgogoro?"

"Huenda akaandika. Mahindi ni yako, mwanangu, na wewe ndiye wa kuchagua. Ukiniambia geuza, narudi sasa hivi nageuza, na sitakulaumu mpaka nakufa."

Aliangalia mahindi yake. Nilidhani jibu limeshapatikana. Kisha akauliza, "Kwenye hiyo kesi jina langu litaandikwa?"

"Litaandikwa."

"Lote?"

"Lote. Kabula binti Maduhu wa Ruvumbo."

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nyie mkipiga baragumu la kazi ya msaragambo, sisi tunapanda mlima na majembe tunazibua bwawa lenu. Hakuna aliyewahi kuandika hata siku moja." Alichomeka jembe ardhini. "Twende huko barazani. Lakini tukishindwa, shangazi, mimi na wanangu tutakuja kula kwako."

"Mtakuja. Ila ujue na sisi tutakuwa hatuna maji."

Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa wote tuliogopa.

*

Mkaguzi aliitwa Bwana Lutengano, mtu wa makamo mwenye macho ya kuchoka. Alishakagua kata kumi na nne mwezi ule. Alichukua ufunguo shingoni mwangu, akautia kwenye bahasha na kuibandika lakiri. Kisha akasikia kelele za watu uwanjani, akauliza kuna sherehe gani.

"Si sherehe," nilimwambia. "Kuna kesi. Samahani kidogo, mimi ni mhusika."

Nikamshika Kabula mkono, kibuyu cha dengelua begani, tukaingia barazani. Uwanja ulijaa. Mwalimu Mchome, mwenyekiti wa baraza, alituangalia juu ya miwani kwa muda mrefu.

"Nambike, umefikiri?"

"Nimefikiri, Mwalimu."

"Na mumeo amefikiri?"

Kiangi alikuwa amekaa upande wa mlalamikiwa, chini ya kipaza sauti cha Mdogo, kwa kuwa mlinzi wa ndiva husimama na anayegawa maji. Alijifanya anarekebisha kofia yake. Tulikuwa hatujaongea vizuri tangu Jumamosi nilipomwambia.

Mdogo alianza kabla hata hajaulizwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla shauri halijasikilizwa nina pingamizi la awali."

Uwanja mzima ukaguna kwa raha. Mdogo alidai mlalamikaji hana mfereji, akajibiwa ameshikwa mkono. Akadai kushikwa mkono kumepitwa na wakati, Mwalimu Mchome akamwambia hukumu namba tatu kwenye sanduku la akina Mgonja inasema desturi haizeeki.

"Namshukuru Mwenyekiti," Mdogo alisema. "Nilitaka tu kulitoa pingamizi."

Kisha akamgeukia Kabula. Sauti yake haikuwa ya ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mama, una hati yoyote ya maji?"

"Sina."

"Kuna hukumu inayokutaja?"

"Hakuna."

"Basi mimi nitakujuaje?"

Kabula aliwageukia watu. "Waulize niliokuwa nao matopeni."

Kila mtu pale alikuwa na shamba, na siku nne za Ruvumbo zilipaswa kutoka kwenye zamu za mtu fulani. Wengi waliangalia viatu vyao. Niliona majirani tuliojifungua mwaka mmoja, watu wa kanisani, wapwa zangu wawili, na hakuna aliyeinuka. Nikawaza ufunguo ule ndani ya bahasha.

Kiangi akasimama.

"Wewe upo upande wangu, Mzee," Mdogo alimkumbusha.

"Najua nilipo." Alivua kofia. "Mpiga baragumu ni mimi. Kila mwaka nikipiga, wanaotangulia kufika ni hawa wanaotoka mbali. Nimeliona hilo miaka kumi na moja nikanyamaza, maana maji yalikuwa yanafika kwangu. Mwaka ule ukingo ulipobomoka, huyu mama aliingia ndani maji yakamfika kifuani, akashikilia mawe mpaka tukaziba. Alikuwa na mimba. Mawe yale yapo palepale, na maji mnayokunywa yamezuiwa na mawe hayo."

Alikaa. Hakuniangalia, lakini nilimpenda saa ile kuliko siku aliyonioa. Baada yake akasimama mpwa wangu mmoja, kisha jirani, kisha watu wakawa wanagombania zamu ya kutoa ushahidi, kwa sababu sisi ndivyo tulivyo.

Mdogo alikaa kimya sekunde nne nzima. Kwake huo ni muda mrefu sana.

"Shangazi," alisema, mbele ya watu wote, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuletea masanduku, mwanangu. Haya hayakuwamo."

"Ambayo hayamo ni mangapi?"

"Sijui," nilijibu, na machozi yakanitoka mbele ya mkaguzi na wapwa zangu.

Hukumu ilitoka kabla ya saa sita. Aliyebeba tope la ndiva ana zamu ya ndiva. Ruvumbo walipewa siku nne kati ya kumi na nne. Mwalimu Mchome aliandika kwa mkono, jina lote, na Kabula akaweka sahihi. Dengelua ikazungushwa: kwanza mshindi, kisha aliyeshindwa. Mdogo hana mdomo, kwa hiyo fungu lake akalinywa Kiangi.

Bwana Lutengano alinisogelea. Mkononi alikuwa na kile kibao chake cha ukaguzi, na juu yake maneno mawili tu ya kuchagua: utulivu, mgogoro.

"Mama, nimesikia yote. Nimependa. Lakini hii kata imeishtaki mashine yake yenyewe, na sina neno la tatu hapa. Kitovu kiliendesha nchi miaka thelathini na moja bila kesi hata moja."

"Ndiyo, baba. Hilo ndilo lililotuchosha."

Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Aliinua kidole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Mdogo aliita. "Sijaridhika na hukumu. Nakata rufaa."

Watu wakazomea. Mimi nilikasirika kweli. Mtoto niliyemlea mwenyewe!

"Kwa sababu zipi?" Mwalimu Mchome aliuliza.

"Nitaziwasilisha. Zitachukua muda. Maji ya Ruvumbo nimeshayafungua, hukumu ni hukumu. Lakini shauri la nani atawale maji ya kata hii, na vipi, bado liko wazi. Bwana Mkaguzi, nakuomba usome kifungu cha kumi na tisa."

Bwana Lutengano alisoma. Akarudia kusoma, safari hii midomo ikitembea. Jambo lenye shauri barazani halihamishwi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine mpaka shauri liishe. Madaraka yalikuwa mikononi mwetu. Hakuna awezaye kuyahamisha.

Nikatazama kile kipaza sauti, na hasira yote ikaniisha.

Mkaguzi alishusha kidole. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alicheka. "Rufaa huku kwenu huchukua muda gani?"

"Inategemea," Kiangi alimjibu. "Ile ya babu yake Mama Niwaeli na kuku bado inaendelea."

*

Alasiri nilisimama na Kabula kwenye lango la saba. Maji yalikuja na majani makavu na povu la udongo. Alivua viatu akaingia mferejini, akayaongoza kwa jembe mpaka mstari wa kwanza wa mahindi, halafu wa pili. Baadaye aliniomba nimsomee ile karatasi, nikamsomea mara tatu.

Sasa ni mwaka wa sita. Kila Januari baraza huiita rufaa ya Mdogo, naye huomba iahirishwe kwa kuwa anatafuta shahidi. Kabula, ambaye siku hizi ni mjumbe wa baraza, hupinga kwa ukali, kisha hukubali, na dengelua huzungushwa. Wakati mwingine nikiwa peke yangu ofisini humuuliza sababu hasa za rufaa ni zipi.

"Bado naandika, Shangazi," hunijibu.

Nyumba za Ruvumbo nazo zina masanduku chini ya vitanda. Mwezi uliopita Kabula alimshtaki mume wangu. Ni kesi ya kuku. Nasikia ameshampata mteja wa ng'ombe.